Karanga Mbichi za Mama Bonifas

Pale Magomeni ya Kilosa, mtu aliyetaka kujua filamu ipi ya kutazama hakumuuliza Rafaeli mwenye banda la video. Rafaeli ni mfanyabiashara, kwake kila filamu ni moto. Watu walikwenda kwa Mama Bonifas, muuza karanga, ambaye kwao Tukuyu walimpa jina la Tumwagile. Ulinunua kifuko kimoja, ukauliza, naye akakujibu huku anakoroga karanga kwenye mchanga wa moto, macho yake mekundu yakichuruzika kwa moshi wa kuni.

"Ile ya Kihindi usipoteze muda. Mtu kapigwa risasi saba, bado anaimba. Ile ya wanajeshi nzuri, ila huyo DJ anayeitafsiri ana kiherehere. Mwenzake analia msibani, yeye anatuletea habari za mpira."

Filamu za majini na mizimu alizipenda na kuziogopa vilevile. Alizitazama kwake, kwenye televisheni ya kichogo aliyoachiwa na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli. Alizitazama mchana kweupe, mlango wazi, khanga imemfunika uso, na pembeni yake ameketi Goodhope, binti wa miaka minane wa jirani yake Yusta. Yusta alipokwenda shamba, mtoto alishinda hapo. "Bibi, fungua macho, ameshaondoka," Goodhope alimwambia. Filamu ilipokwisha, Tumwagile alimpigia simu dada yake Tukuyu akaisimulia yote kwa Kinyakyusa, mtoto yuko palepale anamenya karanga.

Mwaka juzi mwanawe Bonifas alimpeleka kwenye jumba la sinema Dar es Salaam. Aliporudi, watu walimzunguka wapate habari. "Baridi," alisema. "Mwanangu kalipa hela nyingi ili nigande. Na filamu yenyewe ya mdoli anayeua watu. Mdoli si unautia tu jikoni, yakaisha?" Kipimo chake kilikuwa kimoja, na hakukibadilisha kwa mtu: filamu nzuri ni ile inayokusahaulisha kwamba kuna mtu ameshika kamera.

Basi akaja Kondo, kijana wa Mikumi anayepiga picha za harusi, sasa kaamua kutengeneza filamu yake. Alikuwa anatafuta bibi wa kuigiza mchawi. Akamwamkia Tumwagile shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akabaki anamtazama. "Bibi, macho hayo hayahitaji kupakwa kitu," alisema.

Mwingine angekasirika. Lakini mtu aliyewahukumu waigizaji wa dunia nzima kwa miaka ishirini, ukimwambia njoo na wewe utuoneshe, atakataaje? Walipigia picha uani kwake, kwa kaniki yake na ungo wake mwenyewe. Kondo akasema, "Sasa sema maneno ya uchawi. Sema ya kwenu, kitu ambacho watu hawatakielewa."

Tumwagile akakwama. Uchawi hakuujua, na sala hakutaka kuichezea. Hapo ndipo alipomwona Goodhope nyuma ya kamera, mkono umezama kwenye gunia la karanga mbichi, mashavu yamejaa. Akamnyooshea kidole, akamkaripia kwa Kinyakyusa kama alivyomkaripia kila siku: Goodhope, ziache karanga zangu mbichi, tumbo litakuvimba kama ngoma, usije ukasema sikukwambia. Kondo alifurahi nusura adondoshe kamera.

Mwezi wa kwanza Rafaeli akaionesha, banda likajaa hadi mlangoni. Tumwagile aliketi benchi la mbele. Ilipofika ile sehemu, kidole kile na macho yale, hata yeye mwili ulimsisimka. "Huyo mama anajua," alisema kwa sauti, na banda zima likacheka.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo Goodhope alilazwa hospitali. Tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imekaza.

Hakuna aliyemwambia Tumwagile neno baya, na hilo ndilo lililomtia hofu. Wateja waliacha kubishana naye bei. Walichukua kifuko, wakalipa, wakaondoka bila kuonja, na jioni aliviona vifuko hivyo mtaroni, havijafunguliwa. Watoto walimwamkia shikamoo kutoka mbali, wakakimbia kabla ya marahaba. Hakuna aliyeuliza tena habari ya filamu yoyote. Alianza kujitazama kwenye kioo, akayanawisha macho yake kwa maji baridi mara tatu kwa siku, nayo yakabaki mekundu. Alimkumbuka Bi Rebeka wa Kidodi, mjane aliyefahamiana naye zamani, ambaye nyumba yake iliteketea adhuhuri majirani wakitazama. Bi Rebeka naye alikuwa na macho ya moshi.

Yusta alikuja siku ya tano, akasimama nje ya ua. Hakuamkia.

"Mama Bonifas, kwenye ile filamu ulimtaja mwanangu kwa jina. Ulisema nini?"

"Nilikuwa namkataza karanga, mama."

"Kwa maneno mengi vile?"

Hapo ndipo Tumwagile alipoliona shimo lenyewe. Angesema uongo, palikuwa na Mnyakyusa mwingine mmoja pale mtaani. Angesema ukweli, ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote: alikuwa amemtaja mtoto, akataja tumbo, na tumbo likavimba. Waswahili wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwa limekuja.

"Jumapili baada ya ibada," Yusta alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kwa kulala hospitali, "Mzee Lupakisyo atatutafsiria. Mwenyekiti wa mtaa amekubali."

Mzee Lupakisyo alikuwa mstaafu wa reli, Mnyakyusa, na mzee wa kanisa. Watu walimwogopa kwa sababu moja tu: hakujua kudanganya. Aliwahi kumtaja mwizi wa mataruma ya reli mbele ya polisi, na mwizi alikuwa shemeji yake. Tumwagile alitaka kumwendea, akaona watu wataona. Alikaa siku tatu ndani ya nyumba yake, mzigo mdogo umefungwa nyuma ya mlango, akihesabu ni saa ngapi basi la Morogoro hupita.

Jumapili banda lilijaa kuliko siku ya uzinduzi. Mwenyekiti aliketi mbele, Yusta karibu yake. Rafaeli aliionesha ile sehemu mara moja. Lupakisyo akaomba irudiwe. Ikarudiwa, na sauti ya Tumwagile ikajaa banda, ikalitaja jina la Goodhope, na mahali fulani nyuma mwanamke akanong'ona, "Yesu." Lupakisyo akaomba mara ya tatu. Safari hii hakutazama picha. Alimtazama Tumwagile, naye Tumwagile akatazama miguu yake mwenyewe.

"Anasema," Lupakisyo alianza, akakohoa. "Anasema hivi. Goodhope, ziache karanga zangu. Hizo ni za biashara, ukizimaliza nitauza nini mimi?"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akamfuata, na mara banda zima likawa linapiga mabenchi. Mwenyekiti alifuta machozi kwa leso. Yusta alilia kilio cha kweli, akaja kumshika Tumwagile mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, mama. Nisamehe." Tumwagile akaitikia marahaba.

Njiani Lupakisyo alimpita, akapunguza mwendo. "Dada," alisema kwa lugha ya kwao bila kugeuka, "njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeianza uzeeni kwa ajili yako. Tunaolijua neno lile la tumbo tuko wawili, na tuzikwe nalo."

Wiki iliyofuata Goodhope alitoka hospitali, amekonda shingo, tumbo limeshuka. Madaktari walisema ni homa ya matumbo. Wateja walirudi. Karanga zilionjwa, bei ikabishaniwa, na watu wakaanza tena kuuliza ipi nzuri Jumamosi hii. Tumwagile alijibu kwa ufupi. Filamu za kutisha aliwaambia hazitazami tena, hazina maana.

Alasiri moja Yusta alikwenda shamba, akamwacha mtoto pale pale pa siku zote. Goodhope aliketi kwenye mkeka wake wa zamani mbele ya televisheni iliyozimwa. Tumwagile akampa karanga zilizokaangwa, kiganja kimoja, zimepoa. Mtoto akala moja moja kwa adabu.

"Bibi," alisema, "mama kanihadithia siku ile bandani. Mbona Babu Lupakisyo hakulisema lile la tumbo?"

Mwiko ulisimama kwenye mchanga. Karanga zikaanza kuungua, na Tumwagile hakuzikoroga.

"Umemwambia mama yako?"

Goodhope alitafuna, akameza, akanyoosha kiganja aongezwe.

"Bado," alisema.