Magoti Yangu Siku ya Kumwosha Dada

Mimi na dada yangu tulikubaliana tangu usichana: atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Kwetu Malolo waoshaji wa kike hukaa chini, miguu wameinyoosha, marehemu akalazwa juu ya mapaja yao. Mapaja ya ndugu, si ya jirani.

Kisha mwanangu akapata kazi Mikumi, akanichukua. Nilikula jamani. Asubuhi chai ya sukari tele na chapati zinazochuruzika mafuta, mchana wali na nyama, jioni chipsi za barabarani na soda. Mlenda na kunde nikawaachia maskini. Nikanenepa, nikajivuna. Mama akikonda watu husema mtoto hamtunzi. Mimi wangenisemea nini?

Dada alipokuja kunitembelea alinizunguka kama anayenunua ng'ombe mnadani.

"Mdogo wangu, umekuwa gunia la mpunga. Siku yangu utakaa chini wewe?"

"Nenda na mlenda wako huko, mifupa mitupu."

"Mifupa hii inapanda mlima."

Magoti yakaanza kulia kama bawaba kavu. Hospitalini Kilosa daktari akasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Umri upo, akasema, lakini uzito nao unayaponda magoti, na vyakula vya sukari na mafuta mengi vinachochea uvimbe. "Bibi, rudi kwenye kunde, dagaa na mboga za majani. Soda acha." Niliondoka bila kuaga. Kijana mzima ananisemea vibaya chakula cha mwanangu.

Mvua zilizopita dada akashikwa na homa, akatangulia. Nilipofika Malolo shimo la maji ya kumwoshea lilikwisha kuchimbwa chumbani, na wanawake wakanipisha. Nikashika ukuta, nikainama. Magoti yakagoma. Wakanishika makwapani, nikashuka nusu, nikalia kwa maumivu, wakanirudisha juu.

Dada akalazwa juu ya mapaja ya jirani. Mimi nikaletewa kiti cha plastiki kama mgeni wa harusini, nikapewa kata nimimine maji. Nilimimina. Miguu yake ilikuwa myembamba, imenyooka kama ya msichana.

Siku hizi mkwe wangu akileta soda naisukuma. Mlenda napika mwenyewe. Mwili umepungua, na maumivu nayo yamepoa kidogo. Juzi nilijishusha taratibu mpaka kwenye mkeka, nikanyoosha miguu yote miwili. Nikakaa hivyo, nayatazama mapaja yangu. Wa kumlaza hayupo.