Pampu ya Baiskeli Kwenye Kompyuta ya Shule

Jamaa wa kundi letu la mafundi wa kompyuta, heri jambo hili mlisikie kwangu kabla halijawafikia kutoka kwa wengine.

Huku Muganza malori hutuachia vumbi la simenti hadi kwenye meno. Kompyuta ya sekretari wa shule ilinguruma kwa vumbi hilo. Alipokwenda kula aliniambia nilinde ofisi, basi. Lakini mimi fundi nisiye na cheti nikafungua kasha, nikaingiza pampu ya baiskeli na kupuliza kama ninajaza tairi. Wingu zima likatoka. Nilipowasha, mashine ikalia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Humo mlikuwa na alama za shule nzima, na wazazi wangekuja kesho yake kuchukua ripoti. Nilimaliza tu kufunga kasha, Direkta akaingia na sekretari.

"Nani aliguza hii mashine?"

"Ni virusi, Papa Direkta," nikasema. "Maman Sekretari alichomeka flashi yake ya nyimbo za kwaya."

Sekretari akashika meza. "Papa, mukinifukuza, batoto yangu batakula nini?"

Lakini Direkta hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Weye hukuguza?"

"Hata kidole, Papa."

Akatoa simu, akawasha kamera ya selfi, akanigeuzia kioo chake. Nikaona uso wa kijivu kama mfuko wa simenti uliopasuka, macho mawili yakipepesa, na chini yake kola ya unifomu yangu.