Siku Nane Mama Hakupata Choo

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, mama yangu alifunga choo. Nalisema hivyo wazi kwa sababu nyumbani kwetu Kahama hakuna aliyetaka kulitaja. Mama alisema tumbo limekaa. Jirani aliyekuja kumjulia hali akasema mambo yamegoma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia na bila kazi, kwa hiyo nilifungua daftari nikaandika: Jumatano, siku ya tano, haja kubwa hakuna.

Alipunguzwa mfuko wa chakula Dar es Salaam. Magoti yalikuwa yamekataa kumbeba, sukari ilikuwa haishuki, na dukani kwake, anakouza vitenge, alikuwa hainuki tena kwenye kiti mteja akiingia. Sikukubali haraka. Nilimuuliza daktari wa upasuaji maswali mpaka akavua miwani. "Umemhoji kama mwizi," Mama aliniambia tulipotoka. Lakini daktari alijibu yote, tena akatuchorea kwenye karatasi: mfuko sasa hivi uko kama kibuyu, tukimaliza utabaki kama ndizi.

Tulionywa pia. Atakula kidogo, atakunywa kwa kuonja, atameza vidonge vya madini ya chuma, na vyote hivyo vinaweza kufanya choo kiwe kigumu. Ndiyo maana kila jioni nilimkalisha jikoni nikamhoji kama nilivyofundishwa kuhoji watu vijijini.

"Maji?"

"Vikombe vitano."

"Vikombe vipi? Vile vya kahawa?"

"Huyu mtoto! Vile vya plastiki, vya bluu."

"Umekula nini?"

"Mtindi. Yai. Mlenda vijiko vitatu."

"Na kingine?"

"Kingine kiingie wapi?"

"Matembezi?"

"Nusu saa asubuhi, kama kawaida. Andika, mwalimu."

Niliandika. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Lakini mama yangu alikuwa anaingia chooni na kukaa humo nusu saa, nami nikisimama nje namsikia akivuta pumzi na kuziachia, kisha anatoka jasho likimtiririka, ameshika ukuta. "Bado," anasema, bila kuniangalia.

Alhamisi alifika shangazi yangu kutoka Kishapu, dada yake marehemu baba. Alikuja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kiroba, na ndani ya michembe kulikuwa na kifuko cha unga wa mizizi. Shangazi hakuwahi kuukubali upasuaji ule. Kwake, mtu aliyepungua namna ile ni mgonjwa, na kama si mgonjwa basi ana shida kubwa nyumbani. Aliposhika mkono wa Mama aliuzungusha akiutazama.

"Ng'ombe wa kaka yangu wameuzwa ili wifi yangu akatwe tumbo," alisema. "Na sasa hilo tumbo lenyewe halifanyi kazi."

"Linafanya, wifi. Linachelewa tu."

"Dawa nimekuja nayo. Kikombe kimoja tu, mpaka dhambi za utotoni zitatoka."

Nikamuuliza ni mizizi ya mti gani. Kiasi gani kwa kikombe. Nani aliyewahi kuinywa akiwa na mfuko wa chakula ulioshonwa.

"Wewe umesoma, sawa," alisema Shangazi. "Choo nacho umesomea?"

Mama alicheka mpaka akashika tumbo, halafu kicheko kikageuka maumivu. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki ya Dar. Akasema asinywe dawa yoyote kali ya kuharisha, tumbo halijapona vya kutosha. Aongeze ile dawa ya maji ya kulainisha choo aliyopewa Dar, aongeze maji, na akitapika au akiacha kutoa upepo, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

"Anatoa upepo?" muuguzi akauliza.

Nikafunika simu kwa kiganja. "Mama, anauliza kama unatoa upepo."

"Mwambie natoa. Mwambie natoa sana tu."

Usiku huohuo Mama alifanya uamuzi wake. Hakuuliza mtu. Alisema angesubiri mpaka Jumapili baada ya ibada, na kama bado, angekunywa dawa ya wifi yake. "Siwezi kuendelea hivi," alisema. Nilianza kueleza habari za nyuzi za ndani na hatari ya kuchanika. Akaniinulia mkono. "Ng'wanone, mwanangu, nimekusikia. Ila tumbo ni langu."

Jumamosi asubuhi, siku ya nane, nilikwenda sokoni kutafuta papai lililoiva. Karibu na wauza dagaa hukaa mama mmoja mtu mzima anayeuza udongo, ule wa kutafuna, vipande vya kijivu vilivyopangwa kama kuni ndogo. Nilimwamkia nikipita.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Leo sijamwona. Mwambie ule mgumu wa Geita umeingia, ule anaoupenda."

Nikasimama. Nikamuuliza ni lini alimwona mara ya mwisho.

"Jana. Si hupita hapa kila asubuhi kwenye mazoezi yake? Zamani alikuwa mtu wa kipande kimoja kwa wiki. Tangu arudi kutoka Dar, siku mbili hamalizi bila kununua."

Nusu saa asubuhi, kama kawaida. Nilinunua kipande kimoja cha ule wa Geita, nikasahau papai.

Mama na Shangazi walikuwa kwenye ngazi ya nyuma wakichambua choroko. Niliweka kile kipande kwenye ungo, katikati ya choroko. Mama alikisogeza pembeni, choroko zisichafuke.

"Unakula udongo?" nikasema.

"Sili. Natafuna."

"Kila jioni nakuuliza umekula nini."

"Uliniuliza chakula. Udongo ni chakula?" Hakuwa ananifanyia ujanja. Alishangaa kweli. "Hauna sukari, hauna mafuta. Nimefuata masharti yote."

Shangazi alivunja ncha ya kile kipande, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. "Hata udongo unauandika? Basi niandike na mimi."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilimwambia kwamba udongo tumboni hauyeyuki, kwamba mfuko wake sasa ni kama ndizi, kwamba alikuwa anajiziba mwenyewe kila asubuhi halafu jioni ananiacha namhesabia vikombe. Nikamuuliza kwa nini. Nadhani niliuliza vibaya, kwa sauti ya mtu anayetaka kushinda.

Alijibu polepole, mikono ikiendelea na choroko. "Mnapokula, mimi nakaa. Vijiko vitatu nimemaliza, na nyie ndiyo mnanawa. Wageni wanakuja, wanakula, mimi nawaangalia midomo. Kinywa kinakaa bure, mwanangu. Huo udongo nikiuweka hapa," akagusa shavu, "nasikia harufu ya mvua ya kwanza. Tumbo haliujui. Kinywa tu ndicho kinaujua."

"Ulianza lini?"

"Nikiwa na mimba yako. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilikulia ndani ya ile nyumba. Nilitumwa kuununua ule udongo kabla sijaanza darasa la kwanza, na niliuona kwenye mikoba ya mama zetu wote kama nilivyoona leso. Fomu ya hospitali ilikuwa imeuliza sigara, pombe na dawa za kienyeji. Mimi nikaongeza maswali yangu ishirini. Sote hatukuuliza kuhusu udongo, na wale wa Dar walikuwa na udhuru zaidi yangu.

Nilipiga tena simu kliniki, safari hii nikampa Mama aongee mwenyewe. Alisogea mpaka kwenye kamba ya nguo. Nilimsikia akisema, "Udongo, ndiyo. Wa ardhi, huohuo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Vya chuma niliviacha. Wiki tatu sasa."

Aliponirudishia simu hakutaka kuniambia kwa nini, ila baadaye njiani kwenda hospitali alisema. Niliwahi kumsomea karatasi iliyokuja na vile vidonge, sebuleni, kwa sauti, nikimwonyesha kwamba kampuni za dawa zenyewe zinakiri vidonge vya chuma vinafunga choo. Nilikuwa naonyesha jinsi nisivyodanganyika. Yeye alisikia kwamba vidonge ni vibaya, akaviweka kabatini. Muuguzi alimweleza yaliyofuata: damu ikipungukiwa chuma, hamu ya udongo huwa inaongezeka, na udongo nao hukizuia chuma kidogo kilichobaki kisiingie mwilini, huku ukifunga choo. Akamwambia asingoje Jumapili.

Shangazi alikuja nasi hospitali, mizizi ikiwa kwenye mkoba, kwa tahadhari, alisema, wasomi wakishindwa. Daktari wa pale, dada mdogo kuliko nilivyotegemea, aliminya tumbo la Mama kila upande, akampeleka apigwe picha, akachukua damu. Hapakuwa na sehemu iliyoziba kabisa. Akaagiza awekewe dawa kwa njia ya nyuma. Shangazi aliposikia kwamba itapita nyuma, bila kugusa mfuko ulioshonwa, alinitazama na kutikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa pili wa nyumba. "Kumbe," alisema, "mngesema."

Tulikaa nje ya choo cha wodi. Kwanza kimya. Halafu mguno mmoja mrefu. Halafu Mama akaita jina la Mungu, mara mbili. Sikuwa nimeomba tangu mwaka wa kwanza chuoni, na siwezi kusema kwamba niliomba, lakini nilikuwa nimefumbata mikono. Maji yalipomwagwa, mara moja, mara ya pili, ya tatu, Shangazi alisimama kwenye korido ile na kupiga kigelegele kilichowafanya wagonjwa watoe vichwa milangoni.

"Wifi, nyamaza!" Mama alisema akitoka, uso umelowa. "Watu watadhani nimejifungua."

"Kwani hujajifungua?"

Majibu ya damu yalikuja mchana. Ilikuwa imeshuka sana. Daktari alimpa chuma cha aina nyingine, na dawa ya kulainisha choo ya kwenda nacho pamoja, akasema ule udongo uishe kabisa. Hakusema ni rahisi. Alisema hamu inaweza kukaa wiki kadhaa mpaka damu ipande. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa vipande vitatu na kuviweka mezani kwa daktari, taratibu, kama mtu anayeacha kitu cha thamani kwa mtu asiyemjua.

Tulipofika getini alinishika mkono. "Nikishindwa nitakwambia. Ila ukianza kunisomea, sikwambii."

"Sitakusomea."

Njia ya mkato kwenda nyumbani inapita sokoni. Aliitazama, akaniomba tuzunguke. Tukazunguka, jua kali, Shangazi akilalamika nyuma yetu kuhusu miguu.