Java ya Darasa la Pili

Mkurugenzi aliniajiri kwa sababu niliwahi kuandika programu za benki, na alipenda kulitaja jambo hilo mbele ya wazazi kama mtu anayeonyesha gari jipya. Shule yake iko Gahanga, pembezoni mwa Kigali, upande ule ambao shamba la mahindi linaishia kwenye ukuta wa ghorofa isiyopakwa rangi. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kiyoyozi. Choo cha watoto hakikuwa na mlango. Kazi yangu ilikuwa kufundisha kompyuta darasa la pili, watoto wa miaka saba ambao bado walivaa viatu kushoto kulia na kulia kushoto.

"Nataka waanze mapema," aliniambia siku ya kwanza. "Mapema kuliko wale wa ng'ambo."

Wale wa ng'ambo ni shule nyingine iliyo kwenye kilima cha pili. Nilidhani ameanza na utani na falsafa inakuja. Haikuja. Falsafa yake yote ya elimu ilikuwa hiyo: wale wa ng'ambo.

Yeye amekulia Uganda, mimi nimekulia Karagwe, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa kimejaa Kiingereza na changu kikiwa kimejaa subira. Mengine mengi ninayoyasimulia yalisemwa kwa Kinyarwanda.

Niliwaanzisha watoto bila kompyuta. Niliwaambia, "Leo mimi ni mashine. Sijui kitu. Nitafanya mnachosema, na nisichoambiwa sifanyi." Wakapiga kelele niende mbele. Nikaenda mbele, nikaendelea kwenda mbele, nikagonga kabati kwa paji la uso na kuendelea kukanyaga pale pale. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Msichana mmoja mwembamba, mwenye sweta lililompwaya mikononi, hakucheka. Alimgeukia jirani yake akamwambia kwa hasira, "Hukumwambia asimame!"

Hilo lilikuwa somo zima. Nimefanya kazi na watu wazima wenye shahada ambao hawajalielewa mpaka leo.

Baada ya wiki chache nikawafungulia kompyuta na kuwawekea lugha ya programu ya vipande, ambayo mtoto haandiki chochote. Anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na picha kwenye skrini inatii. Vipande vyenyewe nilivigeuza vikawa vya Kinyarwanda. Kila mtoto alikuwa na kuku wake wa kumvusha barabara na kumfikisha sokoni. Yule msichana wa sweta kuku wake aligongwa na lori karibu kila siku, na kila mara alirudi kwenye vipande vyake bila kuniita, midomo ikimchezacheza.

Kisha wazazi wakaitisha mkutano.

Aliyesimama kwanza alikuwa baba mmoja afanyaye kazi katika ofisi fulani mjini, ambaye sijawahi kumwona bila kadi ya kazi shingoni, hata Jumapili. "Madamu," akasema, "mtoto wangu amerudi nyumbani anasema amejifunza kupeleka kuku sokoni. Mimi namsomesha ili asipeleke kuku sokoni."

Wakampigia makofi.

Nikaeleza. Nilisema kuku ni picha tu. Mtoto anajifunza kuvunja jambo kubwa kuwa hatua ndogo, kuzipanga, na kutafuta mwenyewe ni hatua ipi imekosewa. Nilisema katika umri huu lugha si hoja. Walinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya nyama akajibu habari za malisho.

"Asante madamu kwa falsafa," akasema mkurugenzi. "Sasa turudi kwenye lugha. Wale wa ng'ambo wanafundisha Python."

"Python si yule nyoka?" akauliza mama mmoja wa kwaya. "Chatu? Kwani hakuna yenye jina zuri?"

Mama yake yule msichana wa sweta naye alisimama. Ni mtu wa Bujumbura, anauza vitenge Gitega ya hapa Kigali, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wote waliokuwemo, mimi nikiwemo. Nikapata tumaini. "Mjomba wa binti yangu yuko Ubelgiji, anafanya mambo ya kompyuta," akasema. "Anasema huko kwao wanatumia Java. Huyu mtoto akifika huko na kuku wake, watazungumza nini?"

Tumaini langu likakaa chini pamoja naye.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Java ilishinda kwa sababu ilikuwa na mjomba Ubelgiji. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu isipokuwa mimi, na mkono wangu haukuhesabiwa kwa sababu mimi si mzazi.

Naijua Java. Nimeula mkate wake. Ni lori zuri la mizigo mizito, na benki inalihitaji lori. Lakini hakuna anayempa mtoto lori ili ajifunze kutembea. Kabla Java haijakubali kukusalimia tu, inataka maneno mengi ya mwanzo ya Kiingereza, mabano yaliyopinda ndani ya mabano mengine, na mwisho wa karibu kila mstari ile alama ya nukta iliyokaa juu ya mkato. Ukisahau moja, inagoma na kukutapikia mistari myekundu. Nilimweleza mkurugenzi hayo ofisini kwake.

"Ndiyo maana nimekuletea mtaalamu," akasema.

Mtaalamu alikuwa shemeji yake. Kijana wa suti ya bluu iliyobana mapajani, aliyerudi kutoka kwenye mafunzo ya wiki kadhaa nje ya nchi na lafudhi aliyoinunua huko. Aliwaita watoto "wabunifu wa kesho" na hakumjua hata mmoja kwa jina. Njia yake ya kufundisha ilikuwa rahisi: watoto wanakariri. Asubuhi walisimama nyuma ya viti vyao na kuimba kwa pamoja, "Pabliki, klasi, mabano fungua!" na kuendelea mpaka mabano funga, kwa sauti ile ile ya maombi ya asubuhi. Mkurugenzi alipita dirishani akatabasamu. Sauti ilifika mpaka barabarani, na bila shaka alitamani ifike ng'ambo.

Shida ilianza walipoanza kuandika. Kinyarwanda chetu hakibagui sana l na r, na mtoto wa miaka saba anaandika anachosikia. Wakaandika "pubric". Wakaandika "crass". Mashine haikukulia Kigali, ikakataa. Skrini baada ya skrini ikawa nyekundu, na watoto hawakujua Kiingereza cha kutosha kusoma wanalaumiwa kwa kosa gani. Mvulana mmoja mdogo kuliko wote alinivuta sketi akaniuliza, "Madamu, kwa nini inanigombeza?" Nikainama kuangalia. Alikuwa ameandika kila kitu sawa, ila ile alama moja ya mwisho. Alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyezoea.

"Hajakariri vizuri," mtaalamu akasema.

"Hajakariri nini?" nikamuuliza. "Hajui neno hata moja lina maana gani. Wewe unajua kwa nini hilo neno la kwanza liko pale?"

Akarekebisha tai. "Liko pale kwa sababu lazima liwepo."

Nilikuwa nimeshawasikia wahandisi wabaya, lakini hata wao walikuwa wakitafuta uongo mrefu kidogo.

Ikatangazwa siku ya wazazi. Watakuja wageni, kutakuwa na mpiga picha, na kila mtoto wa darasa la pili ataandika programu ya Java mbele ya watu wote, itakayosema kwa Kiingereza: karibuni shuleni kwetu. Nilimwambia mkurugenzi kwamba watakaofaulu hawatazidi vidole vya mkono mmoja. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mtaalamu ameshalishughulikia. Sikujua ameshughulikia nini.

Siku yenyewe watoto walivaa tai nyekundu. Wazazi walijipanga ukutani, simu zimeinuliwa, na afisa mmoja wa elimu akapewa kiti cha mbele chenye kitambaa. Mtaalamu akapaza sauti, "Wabunifu, andikeni!" Vidole vikaanza. Nilisimama nyuma nikitazama skrini iliyokuwa karibu nami, ya yule mvulana mdogo. Alikuwa anabonyeza herufi yoyote iliyomjia: j, j, k, nafasi, k. Kisha akabonyeza kitufe alichofundishwa, na skrini ikajaa maandishi makubwa ya kijani: karibuni shuleni kwetu.

Nikatazama ya pili. Ya tatu. Zote zilikuwa za kijani. Ndipo nikaelewa. Programu ilikwisha kuandikwa na kufichwa ndani ya kila mashine. Watoto walikuwa wanapiga kinanda kisicho na nyuzi, na muziki ulikuwa unatoka kwingine.

Makofi yalianza. Katikati ya makofi, yule msichana wa sweta, siku hiyo bila sweta, akanyoosha mkono. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo akasimama.

"Yangu imejibu," akasema kwa sauti, "na mimi bado sijaandika kitu."

Makofi yakapungua. Nikasema moyoni, sasa hivi. Nikamtazama afisa, nikamtazama baba wa kadi, nikangoja mtu mmoja tu mwenye akili timamu aulize swali ambalo mtoto alikuwa ameshalifungua nusu.

Afisa akacheka. "Huyu ana haraka kuliko mashine!" akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko, makofi yakarudi mara mbili, na mpiga picha akamsogelea mtoto na kumwambia aweke mikono kwenye kibodi.

Mtoto hakuiweka. Alinitafuta kwa macho kule nyuma. Nikaenda, nikachuchumaa karibu na kiti chake.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Hujaandika wewe. Ameandika mtu mkubwa akaificha."

"Sasa wanampigia nani makofi?"

"Hawajui."

Aliwatazama wale watu wazima wote, akawatazama kwa muda mrefu, na sura yake ilikuwa ya mtu anayefuta majina kichwani.

Nje, karibu na meza ya soda, nilimfuata mama yake. Nilimwambia jinsi ilivyokuwa, bila kupamba. Alinisikiliza huku akituma picha aliyoipiga kwa simu, kwa mjomba wa Ubelgiji bila shaka.

"Mwalimu, mimi nauza vitenge," akasema. "Mtu akiniambia rangi ya kitenge haitoki, naiosha kwanza. Nilijua. Alipoongea yule mtoto, nilijua."

"Basi kwa nini ulipiga makofi?"

"Wote walikuwa wanapiga."

Jibu lenyewe lilikuwa limejitosheleza kwa ubaya wake.

Jumatatu nikaenda kwa mkurugenzi. Nilidhani atakana. Hakuona sababu ya kukana. Alinimiminia chai, akaniambia kwamba hata kwenye harusi keki ya chini huwa ni mbao, na hakuna mgeni anayelalamika.

"Wageni wa harusi hawakuja kujifunza kuoka," nikasema.

"Madamu, una akili nyingi sana kwa kazi ndogo hii."

Kwa hilo tulikubaliana. Nikaacha kazi siku hiyo, nikabeba kikombe changu na waya wangu wa kuchajia, na mlinzi akafungua begi langu getini kuhakikisha sijaiba kompyuta.

Sasa ninaishi Gatsata, upande mwingine wa Kigali, juu ya ile barabara inayopanda kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na Jumamosi asubuhi ninafundisha kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kwa kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi. Watoto wanakuja na ndizi mifukoni. Tunatumia vipande vya rangi. Mwezi wa kwanza tu, nani akaja? Mama wa vitenge, amemshika binti yake mkono, na bado hajaacha kuja.

"Hii yenu," aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni na mwavuli, "jina lake linaandikwaje kwenye cheti?"

"Hakuna cheti, mama."

Akaguna. Lakini akaketi.

Mkurugenzi naye alinipigia simu muhula uliofuata, Jumamosi moja nikiwa na watoto. Wale wa ng'ambo, akasema, wamehamia kwenye akili bandia, na wazazi wake wameshapiga kura nao waifuate. Kuanzia darasa la kwanza. Shemeji yake amepata kazi kubwa serikalini, kwa hiyo nafasi iko wazi. Je, nilikuwa na lugha ya kumshauri?

"Kinyarwanda," nikamwambia. "Waanze kwa kuwauliza watoto wenyewe wamejifunza nini."

Nadhani aliandika, kisha akauliza kama hiyo ina mafunzo nje ya nchi.

Nilikata simu. Yule msichana alikuwa ananiita. Jogoo wake wa kwenye skrini alitakiwa kuwika akiguswa, naye alikuwa anawika bila kuguswa, bila kukoma, na watoto wengine walikuwa wameziba masikio. Nilianza kumwelekezea kidole kwenye kipande kilichokosewa. Akausukuma mkono wangu.

"Usiniambie," akasema. Akavitenganisha vipande vyote, akavitandaza kwenye skrini, na akaanza upya kutoka juu, huku mama yake nyuma yetu akiuliza kama kuna mtu anaweza kuizima ile kelele.