Kiingereza cha Kinyozi

Tangu mwanawe aoe ng'ambo, kinyozi wetu anasoma Kiingereza jioni, na sisi wateja ndio tunaofanya naye mazoezi, tupende tusipende. Anakuegemeza kichwa, wembe ukiwa shingoni, halafu anauliza taratibu, "How are you?" Hakuna anayethubutu kunyamaza. Ukikosea, anapuliza nywele begani mwako na kuanza upya.

Jumamosi mwanawe aliingia na mkewe. Kinyozi aliniacha kitini, akajifuta mikono, maneno yote yakamkimbia. Mkwewe akamsaidia: "What is your name?"

Akakohoa. "My name is Baba."

"Baba," akarudia mkwewe, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Povu lilinikaukia kidevuni, wala sikuona ubaya.