Boneti Kutoka Ndau

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifungue boneti, nami nikaenda kufungua buti. Msimamizi wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Mbwajumali, kisiwani Pate.

"Huko mna magari mangapi?"

"Hakuna hata moja, Bwana."

Karakana nzima ilicheka, nami nikacheka nao, maana ningefanyaje? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na karibu kila kitu nilichowahi kupanda kilikuwa kinaelea.

Hiyo ilikuwa Mombasa. Nawaandikia nyinyi vijana ambao mlango ukibonyea mnaagiza mwingine kwa simu. Siwalaumu, ningekuwa na simu zama zile ningeagiza pia. Lakini sisi tulinyoosha. Fundi Mkuu alinipa nyundo ya uso bapa na kipande cha chuma kizito kinachojaa kiganjani kama andazi. Unapiga huku, unakinga na kile chuma kule nyuma, na bati katikati linarudi mahali pake polepole. Ukizidisha, bati linatanuka, linakuwa kubwa kuliko nafasi yake, na ukilibonyeza linalia kama kopo. Hapo huligongi tena. Unalichoma nukta moja kwa gesi mpaka iwe nyekundu, kisha unalizima kwa kitambaa kibichi ili lijikunyate. Niliharibu milango mingi kabla ya kulielewa hilo.

"Haraka ya nini?" Fundi Mkuu alikuwa akiniambia. "Hili gari limegongwa mara moja tu. Wewe wataka kuligonga mara mia?"

Nilikaa chini yake miaka minane. Sikumbuki siku aliyonisifu, ila siku nilipoondoka alinipa ile nyundo. Mungu amrehemu.

Malindi nilikuta mambo mengine. Meneja wa pale alipenda fila, ule unga wa kuzibia mabonde unaochanganywa na dawa ukakauka kama jiwe. "Mteja huona rangi, haoni bati," alisema. Tuligombana juu ya fila kila wiki. Hata hivyo namshukuru, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kupuliza rangi: mkono uende kwa mwendo mmoja, usisite, usirudi nyuma kujutia. Mpaka leo sijaona aliyempita kwa kupuliza, na mpaka leo naamini hakujua kunyoosha hata sinia.

Mwishowe nilirudi karibu na kwetu, nikafungua banda langu Mokowe, pale barabara inapoishia na safari ya kwenda Lamu inakuwa ya maji. Kazi haikupungua. Hewa ya chumvi hula gari usiku na mchana, na kila pikapu iliyoegeshwa pale ilikuwa yangu, ni suala la subira tu.

Bwana Athman na mkewe Bi Rukia walivuka kutoka Lamu asubuhi moja wakaja bandani. Ni watu wa mji wa kale, wenye nyumba ya mawe na adabu za nyumba ya mawe. Bwana Athman alitangulia kuniuliza hali, na hali ya wanangu, na hali ya Pate nzima, ndipo akasema, "Fundi, nina gari. Au nalikuwa na gari, sijui nisemeje."

Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, pua ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane. Alilinunua ujanani alipokuwa karani Mombasa. Babake alipougua, alirudi Lamu kuangalia mali ya nyumbani, na vichochoro vya Lamu upana wake ni punda na mzigo. Gari likabaki ng'ambo, Mokowe, nyuma ya ghala la jamaa yake. Likakaa huko miaka mingi. Watu walichukua walichokitaka, chumvi ikachukua iliyobaki.

"Mato yangu yaondoka," akasema, akigusa kope zake. "Daktari amenambia si miezi mingi. Nataka gari liwe zima, liwe jekundu kama zamani, kabla ya kiza kungia."

Bi Rukia alikuwa akitazama chini. Nikasema inshaallah, na nilipoliona gari nikajuta kuisema. Niligusa sakafu kwa kidole, kidole kikatokea mchangani. Boneti haikuwapo, wala mlango wa kushoto, wala madigadi ya kufunika gurudumu la mbele kulia. Injini nilimwachia fundi wa injini, akaiamsha kwa majuma matatu na matusi mengi. Mabati ndiyo yalikuwa mtihani wangu, kwani Mombasa yote hakuna aliyekuwa na spea za gari lile.

"Vitu vya Mokowe haviendi mbali," Bwana Athman aliniambia. "Uliza visiwani."

Nikaanza kuuliza manahodha. Mlango niliukuta Kizingitini, kwenye ghala la Bi Fatma, mfanyabiashara wa kamba. Ulikuwa umefungwa kwa bawaba katikati ya ukuta wa mawe, na ndio uliokuwa mlango wa ghala.

"Bi Fatma, huu ni wa gari la watu."

"Na kamba hawa pia ni wa watu. Ukiutoa walae wazi?" Akashika mkono wa ndani, akauzungusha, kioo kikashuka bila kukwama. Alikuwa akizungumza na wateja kupitia hapo, asiwafungulie. "Mlango gani wa mbao utanifanyia hivi?"

Nilimtengenezea mlango wa bati wenye kidirisha chake. Aliukagua tangu adhuhuri mpaka alasiri, kidirisha akakifungua na kukifunga labda mara hamsini. "Haya," akasema, "tukua chako."

Boneti ilikuwa Ndau. Bwana Shee, muundaji wa mashua, aliitumia kufunikia zana zake. Nilipoigeuza nilikaribia kulia kwa furaha: haikuwa na kutu hata pa kuweka sindano. Siri ilikuwa sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka vyombo vyetu visiliwe na bahari. "Kila nikipaka mashua, naipaka na hiyo," alisema, "nayo ni chombo." Nikampongeza kwa moyo wote. Alinipa, na juu yake akanichongea kalibu ya mbao kwa kulinganisha na madigadi ya kushoto niliyompelekea, nami nikalilaza bati jipya juu ya kalibu ile na kulipiga mpaka likawa madigadi. Bila mzee yule gari lingekuwa na jicho moja.

Sasa sikilizeni kosa langu. Rangi haikai juu ya mafuta, hilo hata mwanagenzi analijua. Nilifuta boneti kwa petroli, nikainusa kama nilivyofundishwa, sikusikia kitu. Kwa kitambaa kile kile nikafuta gari zima. Nikapiga praima, nikapiga nyekundu. Haikupita saa moja, rangi ikaanza kujikunja na kufanya vijishimo vya duara, kama uso wa mgonjwa wa tetekuwanga. Nikalaumu kompresa. Nikalaumu rangi. Dereva wa lori kutoka bara akapita na soda yake mkononi.

"Mzee, nani ameanika samaki kwa hii gari?"

"Samaki gani?"

"Si hii boneti! Inanuka papa mpaka mtu anakosa hamu ya kula."

Nikamwita baharia wa Faza anuse. Akanusa, akasema hasikii kitu. Nikamwita mama muuza chai, mtu wa bara aliyetoka Mpeketoni, naye akaziba pua akiwa bado hatua tano. Hapo nikaelewa. Nimezaliwa ndani ya harufu ile, nimelala kwenye mashua zilizopakwa sifa, na pua yangu haiihesabu kuwa harufu. Mafuta yalikuwa yamejificha kwenye mapindo ya bati, na kitambaa changu kimeyasambaza kila mahali.

Ilibidi nikwangue gari zima mpaka kwenye bati, nilioshe kwa maji moto na magadi, nilipige msasa upya. Na masika yakaingia. Hewa ikiwa na unyevu hupulizi rangi, unakaa ukaitazama mvua. Nikavuka kwenda Lamu kumwambia Bwana Athman. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ungeyuaye, Fundi? Hata mimi singeisikia. Sote twanuka hivyo."

Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele yake, akakikosa. Bi Rukia akakisogeza. Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia kazini. Uzembe ulikuwa wangu, na muda uliokuwa ukipotea ulikuwa wake.

Mvua ilipokatika nilipuliza kwa siku tatu, na wanusaji wangu wote walikuwa watu wa bara. Rangi ikashika. Bwana Athman na mkewe wakavuka, yeye akiwa ameshikwa mkono.

"Waiona, Bwana?"

"Nyekundu naiona. Mengine ni moshi."

Nikainamisha kichwa. Bi Rukia akaenda kwenye mlango ili aingie, mumewe akamzuia. "Rukia, simama hapo kwanza. Usingie." Akasimama, amevaa buibui lake jeusi, na ubavu wote mwekundu wa gari ukiwa nyuma yake. Bwana Athman akarudi nyuma hatua mbili, akasogea kushoto kidogo, akatulia.

"Tangu nimuoe namwambia nitamtia garini," akaniambia. "Kila mwaka nalisema mwaka uyao. Nanyi nyote mkadhani nataka kuona gari." Kisha akamgeukia mkewe. "Nyumbani wanipotea kwenye kiza cha kuta. Hapa nakuona, Rukia. Nakuona wote."

"Basi niangalie sana," alisema Bi Rukia. "Sina haraka."

Niliwaacha, nikaenda nyuma ya banda, nikamshukuru Mungu kwa kila nyundo niliyowahi kuinua, na kwa Fundi Mkuu, na kwa Meneja wa Malindi pia na fila yake. Baadaye niliwaendesha mpaka mji mdogo wa Hindi na kurudi, na Bwana Athman alikaa nyuma pamoja na mkewe, akakataa kabisa kukaa mbele.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Mabega yalishakataa. Siku hizi kazi yangu ni kulipangusa gari lile chumvi kila mwezi, kisha navuka kwenda kunywa kahawa kwao. Mato ya Bwana Athman yameondoka kabisa sasa. Kila nikiingia huniuliza kama rangi ingali nzima, nami humjibu ingali.

"Na mimi huniulizii?" Bi Rukia humtania.

"Gari ndilo niulizalo," humjibu. "Wewe nakuona."