Mungu Anasikia Kifipa

Siku moja ya masika naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mama yako asinisikie. Ni siku niliyokwenda kumwomba radhi bibi yangu shambani, kule Msanzi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanafuata mahindi mpaka kijijini, na kila kijana anavaa mtumba. Mimi nilikuwa na koti la kijivu na Kiswahili nilichokipata shule ya misheni, na kwa vitu hivyo viwili nikachaguliwa kuongoza sala katika jumuiya yetu. Nilijiona, mwanangu. Kitabu cha sala nilikijua ukurasa kwa ukurasa, na nikianza kuomba sauti ilifika nyumba ya tatu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Bibi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, hakuwa na Kiswahili cha kutosha hata kuombea chumvi. Alhamisi moja, wakati wa maombi, akaanza kusali kwa Kifipa, anamweleza Mungu habari za magoti yake na mbuzi aliyepotea. Walikuwapo wageni kutoka parokiani. Nikaona aibu, nikamkatiza mbele ya watu: "Bibi, hapa tunafuata kitabu." Tangu siku hiyo hakufungua tena kinywa jumuiyani, nami nikadhani nimeweka utaratibu.

Haukupita mwezi, dada yako Anastazia, kifungua mimba wetu, akashikwa na homa ya mapafu. Tukamlaza hospitali, mama yako akabaki naye, mimi nikarudi nyumbani kufuata unga na blanketi. Nikapiga magoti na kitabu changu. Nikasoma sala ya wagonjwa, nikasoma litania, nikarudia. Maneno yalikuwa mazuri, ila hayakuwa yangu, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Niliogopa mno kwamba mtoto atakufa, na sikuwa na wa kumwambia.

Nikamfuata bibi. Nilimkuta analaza nyasi na kuzifukia kwa udongo, anafanya matuta ya mviringo kama tulimavyo sisi Wafipa, huku midomo inacheza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Hali mbaya. Bibi, nisamehe kwa siku ile. Niombee."

"Nilishakusamehe. Na mtoto ndiye ninayemsemea hapa tangu asubuhi." Akaegemea jembe, akaniangalia. "Wewe umemwambia nini Mungu?"

"Nimesoma sala zote."

"Sikuulizi ulichosoma. Ulipokuwa mdogo, ukibanwa na njaa, mimi ulikuwa unanisomea?"

Nikalia katikati ya matuta, mtu mzima na koti lake. Nikasema kwa Kifipa, bila mpangilio, kwamba naogopa, kwamba nimejaa kiburi, kwamba nampenda mtoto yule na naomba tuachiwe. Bibi hakunikatiza. Aliendelea kulima.

Sisemi maneno yangu ndiyo yaliyomponya Anastazia. Wauguzi walimchoma sindano wiki nzima, na leo anafundisha shule pale Katandala, mkali kuliko mimi. Ninachokisema ni safari ya kurudi hospitali. Mtoto alikuwa bado hajapona, unga begani, njia matope matupu, lakini nilikuwa nazungumza na Mungu hatua kwa hatua, na hofu ilikuwa imenitoka. Toka siku ile sijatembea peke yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kanisani, na kitabu kishike, kimetulea. Lakini usikitume kikaongee na Mungu kwa niaba yako. Mwambie mwenyewe, kwa lugha unayolilia, na usimfiche lililo baya. Mficha uchi hazai. Ukimsikia mtu anasali kwa maneno yasiyonyooka, mwache amalize, huenda amemkaribia Mungu kuliko wewe.

Mungu akubariki, mwanangu. Akuzoeze kumwita ukiwa na raha, ili siku ya shida asiwe mgeni kwako.